Mashauri ya Nyumbani Katika Nchi ya Ugogo

Hakuna nyumba isiyo na ugomvi, na hakuna ugomvi wa nyumbani usiotafuta sikio la mtu wa nje. Siri ya mtungi aijuaye kata. Walakini kata nayo huchoka kuibeba siri hiyo peke yake. Kwa sababu hiyo watu wa kila nchi wamejiwekea mahali pa kupeleka mashaka ya mume na mke, ya mzazi na mtoto, na ya moyo uliolemewa. Katika Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania, mahali hapo pamekuwa na sura tatu katika muda wa maisha ya mzee mmoja: kikao cha wazee, baraza la kata, na simu ya mkononi. Kila sura ilileta faida ambayo iliyotangulia haikuwa nayo, na kila moja ilipoteza kitu.

Zamani Wagogo walikaa katika kaya zilizotawanyika, kila kaya na tembe lake la udongo lenye paa la bapa, na ng'ombe zizini. Ndoa ilifungwa kwa ng'ombe. Peter Rigby, ambaye kitabu chake juu ya ng'ombe na udugu wa Wagogo kilitolewa mwaka 1969, alionyesha jinsi mahari yalivyowafunga watu wengi pamoja: mifugo iliyotoka upande wa mume iligawiwa miongoni mwa jamaa wa mke. Kwa hiyo ugomvi wa watu wawili ulikuwa ugomvi wa mazizi mengi. Mjomba aliyepokea ng'ombe hakuweza kusema kuwa hayamhusu. Pamoja na jamaa alikuwapo mtani, aliyeruhusiwa na desturi kutamka neno ambalo ndugu asingethubutu kulitamka. Mume mkali aliweza kuchekwa na mtani wake hadharani, na hakuwa na haki ya kukasirika.

Uzuri wa utaratibu huo ulikuwa katika ujirani. Aliyetoa shauri leo alipita mlangoni kesho, akaona kama shauri limeshikwa au limetupwa. Lakini yafaa pia kukumbuka upungufu wake. Wenye kauli walikuwa zaidi wanaume wakubwa wenye kaya. Mke kijana alisemewa na baba au kaka yake. Na kama baba huyo aliogopa kudaiwa mifugo irudi, huenda alimhimiza binti avumilie mambo yasiyovumilika. Mtoto hakusemewa na mtu.

Mwaka 1971 mambo mawili makubwa yalitokea pamoja. La kwanza lilikuwa Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei. Sheria hiyo iliagiza kila kata iwe na baraza la usuluhishi wa ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Na jumuiya, kama zile za dini, ziliweza kukubaliwa kuwa na mabaraza yao. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, hakuna mtu awezaye kuomba talaka mahakamani kabla baraza halijathibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Tena sheria ilitamka wazi kwamba mtu hana haki ya kumpiga mwenziwe wa ndoa. Kwa mara ya kwanza mke wa Mpwapwa au Manyoni alikuwa na mahali pa kusimama mwenyewe na kusema kwa kinywa chake.

La pili lilikuwa Operesheni Dodoma. Baada ya ukame na njaa, serikali iliwahamisha watu wa mkoa huo kutoka katika kaya zao zilizotawanyika, ikawaweka katika vijiji. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: maji, shule na zahanati viwe karibu. Lakini kaya zilipohama, mpangilio wa ujirani ulihama nao. Watu waliozoea kuchagua jirani kwa udugu na ukwe walijikuta wamepangwa kwa safu. Hivyo katika mwaka mmoja shauri la nyumbani lilipewa kiti cha sheria, na wakati uo huo likaondolewa mizizi yake ya zamani.

Baraza la kata lilifanya kazi njema, na linaifanya hata leo. Walakini lilizaliwa na kasoro mbili. Kwanza, kwa kuwa hati yake ni ufunguo wa mahakama, wengi huliendea kwa ajili ya hati badala ya nasaha. Pili, wajumbe wake ni watu wa mahali hapo, wala sheria haiwalazimishi kuwa na mafunzo ya unasihi. Mwenye aibu huogopa kwamba neno alilolisema asubuhi litafika sokoni kabla ya jioni. Kadhalika, baraza ni la wanandoa. Mtoto anayeteswa hana kesi pale.

Upo na woga mwingine ambao Dodoma inaufahamu kuliko mahali pengine pote. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe ilianzishwa huko mwaka 1927, na kwa miaka mingi jina lake limetumiwa nchini kote kama dhihaka. Kuambiwa "nenda Mirembe" ni kutukanwa. Katika hali hiyo mtu aliyelemewa na huzuni au hofu huona afadhali kunyamaza kuliko kuonekana akitafuta mganga wa moyo.

Kwa hiyo si ajabu kwamba simu ilipokelewa kwa shauku. Iliamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, lakini uhamisho mkubwa wa watumishi ulianza mwaka 2016. Mji ukajaa watu ambao wazee wao wako Bukoba, Moshi au Songea, na wengine waliowaacha wenzi wao Dar es Salaam. Watu hao hutafuta nasaha kwa sauti na maandishi kupitia intaneti, kwa mshauri wasiyemwona. Watoto nao wana namba 116, ambayo hupigwa bila malipo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kongwa aweza kuanza shauri lake mwenyewe.

Faida hiyo isidharauliwe: aliyekuwa akisemewa sasa anasema. Lakini mshauri wa mbali hapiti mlangoni. Simu yenyewe mara nyingi ni mali ya mume, na maneno yaliyoandikwa humo hubaki yakingoja macho ya mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yaweza kumzuia mtoa huduma asitoe siri. Haiwezi kumzuia mwenye nyumba asinyang'anye simu. Ndiyo sababu habari ya mtoto aliye hatarini, ikishapokelewa kwa simu, haina budi kufikishwa kwa afisa wa ustawi wa jamii aliye karibu, naye ainuke aende. Asipokuwapo, au akiwa mmoja kwa vijiji vingi, sikio limesikia bure.

Historia ya Ugogo yaonyesha basi kwamba shauri la nyumbani lina nusu mbili: kusikilizwa bila hofu, na kuwa na mtu wa kufika. Wazee walikuwa na nusu ya pili, wakawanyima wengi nusu ya kwanza. Simu imetoa ya kwanza, haina ya pili. Baraza la kata limesimama kati, nalo lingeweza kuziunganisha, kama wajumbe wake wangefunzwa kutunza siri na kama mlango wake ungefunguliwa kwa mtoto pia. Kazi hiyo haihitaji chombo kipya, kwa kuwa viti vya baraza vimekuwapo katika kata tangu mwaka 1971.