Kaburi la Baba, Sketi ya Mama

Babati haikuwahi kuwa mji wa kabila moja. Wagorowa, ambao wengi tumezoea kuwaita Wafyomi, ndio wenyeji wa chini ya Mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko. Wairaqw waliteremka kutoka Mbulu, Warangi wakapanda kutoka Kondoa, na Wabarbaig, tawi la Wadatoga, wakawa wakiingia na mifugo kutoka upande wa Hanang. Kila mmoja ana lake la kumkumbuka mzazi. Mimi nitakaa na Wabarbaig, maana urithi wao ndio uliopata misukosuko mikubwa.

Mzee wa Kibarbaig mwenye heshima zake hazikwi yakaisha. Hujengewa bung'eda, kaburi linaloinuliwa kwa udongo mwezi baada ya mwezi, mara nyingi karibu miezi tisa. Koo na wakwe huja na ng'ombe, na asali nyingi ya kutengenezea pombe, hadi tuta limpite mtu kimo. Mfugaji huhama kufuata malisho, lakini kaburi la baba halihami, na ndiko wana hurudi kutambika.

Kuanzia miaka ya 1970, shirika la serikali NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba ya ngano katika uwanda wa Basotu, hukohuko Hanang: mashamba saba, ekari zipatazo 100,000. Trekta haitofautishi bung'eda na kichuguu cha mchwa. Wazee walilalamika kwamba makaburi yamelimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kudai ardhi yao, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, wakaangushwa Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata. Kesi inaweza kupima ekari na mali iliyoharibiwa; sijui jaji angempimia vipi mtu baba yake.

Urithi wa mama, huo unabebeka. Hanang'weend ni sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, iliyochanwa nyuzi nyembambanyembamba zinazocheza kila anapopiga hatua. Si pambo tu. Kwa Wabarbaig mwanamume akimvunjia mwanamke heshima, baraza la wanawake humketisha na kumtoza ng'ombe dume, na sketi hiyo ni sehemu ya heshima hiyohiyo. Basi fikiria ilivyokuwa mwaka 1968, Babati ikiwa bado Mkoa wa Arusha, serikali ilipowakazania Wamaasai wavae nguo "za kistaarabu." Ngozi yoyote ikaanza kuonewa haya mjini, hata ya jirani ambaye hakutajwa.

Leo Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioundwa mwaka 2002, na tarehe 17 ya kila mwezi watu hujaa mnadani, kusini mwa mji, njia ya Kondoa. Katikati ya mitumba, nyama choma na shuka nyeusi utaziona bangili za shaba za wahunzi wa Kidatoga. Mpya ina makali kwenye nakshi. Iliyokaa mkononi miaka arobaini imelainika, mistari imefifia, na upande wa ndani unang'aa kama kioo. Wageni huitaka hii ya pili. Simlaumu anayeuza, ada ya shule haingoji. Ila nimewaona akina mama wanaotandika zile mpya tu, na mteja akiinyooshea kidole ile iliyo mkononi mwao, hujifanya hawajasikia.