Ushauri wa Fani

Miradi ya vijana ina sentensi yake. Utaikuta kwenye andiko la mradi, kwenye bango la uzinduzi, na hatimaye kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku: vijana watapatiwa "huduma za kidijitali za mwongozo wa taaluma" ili wachague mafunzo ya ufundi. Hakuna neno geni hapo, na bado mzazi wa Masasi aliyekaa karibu na redio hawezi kukueleza mwanawe atapewa nini hasa. Kitabu? Masomo ya ziada? Nafasi ya chuo? Mkopo?

Kinachokusudiwa ni huduma ya kumsaidia mtu, kwa simu au kompyuta, aamue ajifunze kazi gani. Huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni taarifa: kazi zipi zipo, zinafundishwa wapi, kwa muda gani, kwa ada gani. Ya pili ni maswali ya kujipima, ambayo kijana huyajibu ili ajue anaelekea wapi kwa hulka na mapenzi yake. Ya tatu ni mtu wa kuzungumza naye, ana kwa ana au kwa simu. Hii ya tatu gharama yake haiishi, kwa kuwa ni mshahara wa binadamu, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Fikra yenyewe ni ya zamani kuliko simu za mkononi. Mwaka 1908 Mmarekani Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston, katika mtaa wa North End uliojaa wahamiaji, ili awasaidie vijana kuchagua kazi. Alifariki mwaka uleule, na kitabu chake kikatoka 1909. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: kijana ajijue, kisha azijue kazi, masharti yake, malipo yake na nafasi zilizopo, halafu apatanishe hayo mawili kwa akili iliyotulia. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo Na. 87 kuhusu jambo hilohilo. Kompyuta nazo ziliingia mapema. Miaka ya 1970 taasisi ya ETS ya Marekani ilikuwa na mfumo wa SIGI, ambapo mwanafunzi alikaa mbele ya mashine akapima mambo anayoyathamini maishani dhidi ya kazi mbalimbali.

Neno la Kiingereza alilolitumia Parsons kwa kazi ya mtu, vocation, lina asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni kuita. Nasi tunalo la namna hiyo: wito. Tazama tu tunavyoligawa. Ualimu ni wito. Uuguzi ni wito. Upadre ni wito. Sijapata kumsikia mtu akisema ufundi bomba ni wito. Majina yetu ya kazi yana vyeo, na mfasiri asiyeviangalia vyeo hivyo atampandisha kijana ngazi asiyoikusudia au atamfungia mlango.

Taaluma ndilo linalofunga mlango. Shuleni kwetu mwalimu wa taaluma ndiye mwenye ratiba, mitihani na alama, na ukiitwa ofisi ya taaluma, basi ama umeng'ara ama una kesi ya kujibu. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha nne kwamba kuna mwongozo wa taaluma, atauliza ni wa somo gani. Mwanataaluma ni mhadhiri na utafiti wake. Muashi ni fundi, na fundi ni jina la heshima ambalo mitaani hutolewa hata kwa asiye na cheti, ila halimo katika ukoo wa taaluma. Kuwaalika vijana kwenye uashi kwa neno linalowaondoa waashi ni kazi bure.

Mwongozo nao, kwa Mtanzania, ni karatasi. Tuna mwongozo wa udahili, mwongozo wa mwalimu, mwongozo wa kuandika andiko. Watu wazima wanaukumbuka Mwongozo wa TANU wa 1971. Unatoka juu, unasomwa, unatekelezwa. Kijana anayetafuta cha kusomea hana cha kutekeleza. Bado hajaamua.

Kuna waliopendekeza ushauri nasaha. Kenya neno hilo halina tatizo kubwa. Shule zina idara za uelekezi na ushauri nasaha, na mwanafunzi huenda huko kwa mambo mengi. Upande wa Tanzania historia yake ni nyingine. Wengi tulilipokea pamoja na UKIMWI, kwenye mabango ya ushauri nasaha na upimaji wa hiari, na ukimwambia kijana wa Temeke aende akapate ushauri nasaha kuhusu kazi, atajiuliza kwanza kuhusu majibu ya damu. Shule zetu zimehamia kwenye unasihi. Ni neno zuri, nalipenda, lakini limelala upande wa machungu: mnasihi hufikiriwa pale mtoto amefiwa, ameonewa au amepata mimba. Kuchagua kati ya useremala na umeme si msiba.

Ajira naipita haraka. Imeshachukuliwa na wanaotafuta kazi, na huduma za ajira za serikali zipo kwa ajili yao. Isitoshe, mafundi wengi hawaajiriwi na mtu. Wanafungua banda.

Mshindani wa kweli ni amali. Zanzibar wanalo siku nyingi: chombo chao kinaitwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Bara tulikwenda na ufundi stadi, kama jina la Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, linavyoonyesha. Sasa amali imevuka bahari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mapema mwaka 2025, inatambua mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali katika sekondari, na kwa hiyo uamuzi uliokuwa ukimsubiri kijana baada ya kidato cha nne unaanza kumgongea mlango akiwa bado mtoto wa kidato cha kwanza. Neno lenyewe ni tamu. Msikitini amali ni matendo ya mtu yatakayohesabiwa, na si vibaya kazi ya mikono ikapata baraka hiyo. Hata hivyo "ushauri wa amali" unaweza kusikika kama mawaidha ya Ijumaa. Na kuna sababu nzito zaidi: amali ni jina la mkondo mzima. Kijana akishaingia humo bado ana la kuchagua.

Analolichagua linaitwa fani. Simama kwenye lango la chuo cha VETA siku za usaili uwasikilize. "Umeomba fani gani?" "Uungaji vyuma, kaka, ila nasikia imejaa." "Mimi mama anataka ushonaji." Fomu inasema fani, walimu wanasema fani, na mwenye karakana akija kutafuta vijana wa mafunzo kwa vitendo anauliza wa fani ipi. Mwalimu wa fasihi atakunja uso, kwa kuwa kwake fani ni mwenzi wa maudhui na imezoea kuandamana nayo kwenye mtihani. Atuvumilie. Kenya, ambako vijana huulizana "unasomea kozi gani?", ushauri wa kozi huenda ukakubalika zaidi, nami sitamlazimisha Mkenya.

Na ushauri, likibaki peke yake bila nasaha, linafaa kwa sababu moja iliyo wazi: anayeshauri hana amri. Mtu akikuambia "shauri yako" huenda amekasirika, lakini amekuachia uamuzi na matokeo yake. Huduma hii ni ya kijana ambaye mwisho wa yote atasema mwenyewe nakwenda huku.

Kwa hiyo: ushauri wa fani kwa njia ya kidijitali. Magazeti huandika kidijitali, wengine wanatetea kidijiti, na kwa hilo siko tayari kugombana na mtu. Ninachokishikilia ni "kwa njia ya". Udijitali ni njia tu. Kijana mwenye kitochi anayepata maelezo kwa menyu za nyota na reli hapati ushauri wa daraja la chini kuliko mwenye simu janja na bando la mwezi.

Ukishakuwa na jina, kazi ngumu inahamia kwenye maswali ya kujipima. Mengi yanayotumika duniani yanatokana na nadharia ya mwanasaikolojia wa Marekani John L. Holland, aliyoianza kuichapisha mwaka 1959. Aliwagawa watu na kazi katika makundi sita, ambayo kwa Kiswahili ningeyaita watu wa vitendo, wachunguzi, wasanii, wahudumu wa jamii, washawishi na wapangiliaji. Wizara ya Kazi ya Marekani ina dodoso la maswali 60 la namna hii, na mtu yeyote mwenye intaneti analipata bure. Ndiyo maana linavutia waundaji wa programu: unalichukua, unalifasiri, umemaliza.

Hujamaliza. Dodoso hilo linamuuliza mtu kama angependa kutengeneza makabati ya jikoni. Mtafsirie binti wa Nachingwea ambaye jiko la kwao ni mafiga matatu nyuma ya nyumba. Akijibu "sipendi", programu itaandika kwamba hana mwelekeo wa vitendo, kumbe hakuelewa kabati linafanya nini jikoni. Swali lingine linahusu kununua na kuuza hisa na hati fungani. Huyohuyo binti anaweza kuwa ndiye anayepanga bei za korosho na madalali wakati baba yake amekaa kimya, akapata sifuri kwenye kundi la washawishi. Hapa kufasiri maneno hakutoshi. Swali la kabati ligeuzwe kuwa la kupima na kukata mbao mpaka meza isimame bila kuyumba. La hisa liwe la kubishana bei na mteja hadi mkubaliane. Kinachopimwa kinabaki kilekile, mtu tu ndiye amepewa nafasi ya kukionyesha.

Na kuna mtego ambao hata tafsiri bora haiutegui. Mtu hupenda alichokishika. Mvulana aliyeachwa afungue redio mbovu atasema anapenda nyaya. Dada yake aliyefukuzwa pale akaoshe vyombo atasema hazipendi, na mashine itampeleka kwenye upishi ikidhani imemsikiliza. Ukimpima mtu mapenzi yake kabla ya kumwonyesha kazi, unaipima jamii iliyomlea. Ningeanza na video fupi za karakana, maswali yaje baadaye.

Taarifa nazo zina kipimo chake, nacho ni ukweli usiopendeza. Tangazo la chuo litakuambia uungaji vyuma una soko. Mshauri atakuambia pia kwamba ukiuangalia mwali bila kioo cha kujikinga, usiku macho yatakuwasha kama yametiwa mchanga, na kwamba mafundi wengi wa mitaani hufanya kazi kwa miwani ya jua. Tangazo litasema umeme wa majumbani ni fani ya uhakika. Mshauri ataongeza kwamba cheti pekee hakikuruhusu kwenda kufunga nyaya kwenye nyumba za watu. Tanzania unahitaji leseni ya EWURA, Kenya ya EPRA, ambazo ni mamlaka za udhibiti wa nishati, na leseni zenyewe zina madaraja. Atakuuliza pia cherehani au spana za kuanzia utazipata wapi siku utakapohitimu. Na kwa kijana ambaye tayari ni fundi mzoefu wa gereji bila karatasi yoyote, atasema usirudi darasani kuanza moja, kuna utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.

Nayasema haya kwa sababu ya mkanganyiko mmoja unaokua. Mifumo ya maombi inaanza kuitwa ushauri. Kenya, KUCCPS hupanga wahitimu wa sekondari kwenye vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi kupitia mtandao, na wanafunzi wa Gredi ya 9 walichagua njia zao za sekondari ya juu mwaka 2025. Tanzania, TAMISEMI ina mfumo wa Selform ambako mwanafunzi hubadilisha tahasusi au chuo alichokichagua. Ni mifumo yenye manufaa, na mmojawapo unaweza hata kuwa na ukurasa wa maelezo ya kazi. Lakini kazi yake ni kupokea machaguo na kugawa nafasi. Nayo ina haraka. Kuna tarehe ya mwisho, kuna viti vya kujazwa. Huo ni upangaji. Anayejaza viti ni vigumu kukwambia kiti hiki hakikufai.

Ujerumani wamezitenganisha kazi hizo bila kuzitupa mbali. Wakala wa Ajira wa Serikali una zana ya kujipima mtandaoni iitwayo Check-U, ya bure, inayohusu mafunzo ya ufundi na masomo ya chuo kikuu pia. Kijana akiwa na majibu yake anaweza kupanga miadi na mshauri wa wakala huohuo, kwa kuwa sheria inautaka wakala utoe ushauri huo. Mashine inaandaa mazungumzo. Haiyachukui mahali pake.

Kwa hapa kwetu ningeanza na kioo cha simu. Jina refu halitaenea, na halina haja ya kuenea. Juu iandikwe "Ushauri wa fani". Chini viwepo vitufe vitatu: "Zijue fani", "Jipime", "Ongea na mshauri". Na kama hicho cha tatu kitampeleka kijana kwenye sauti iliyorekodiwa, basi kiandikwe "Sikiliza maelezo".