Keke, Chombo cha Kutobolea Mbao



Mtu akinunua sanduku la vyombo vikuukuu vya seremala, shoka, tezo na msumeno atavitambua. Lakini huenda akakuta pia uta mdogo usio na mshale, kijiti cha mviringo chenye chuma nchani, na kishikio chenye kishimo. Wengine huvidhani kuni. Msivichome! Vyote vitatu ni chombo kimoja: keke.

Kishikio huitwa jivu, wala si lile la mekoni. Kijiti ni msukano, na chuma chake ni kekee. Fundi huzungushia kamba ya uta katika msukano, hukandamiza jivu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huvuta uta huku na huku. Tazameni msukano: mkwaruzo wa kamba ndio dalili yake.

Kazi yake nini? Ubao mgumu ukipigwa msumari bila tundu hupasuka, na jahazi lenye ubao uliopasuka huzamisha watu. Tena, kabla ya misumari, mitepe ilishonwa kwa kamba za makumbi, na kila mshono ulitaka tundu. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani, cha karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu hii.

Sasa chukueni madaftari, mwandike: jivu, msukano, kekee, uta.