Milango Ilifunguliwa, Pesa Hazikufuata: Sheria za Afya ya Akili California

Wandugu, wiki iliyopita tulifika kwenye kile kichumba cha ushauri tukakuta kufuli. Mlinzi akatuambia mradi umeisha, basi. Mshauri tuliyemzoea hata hatukumuaga. Dada mmoja aliyekuja na mdogo wake, yule asiyelala usiku, alikaa nje pale hadi saa saba mchana, kisha wakarudi zao. Ndiyo nikaanza kujiuliza: kuna mahali ambapo huduma hii haitegemei mradi? Nikaangukia historia ya California, jimbo la Marekani. Jamani, msidhani ni hadithi tamu.

Katikati ya miaka ya 1950, hospitali za jimbo lile zilikuwa na wagonjwa wa akili zaidi ya 30,000. Wengine walizeekea humo. Mwaka 1957 bunge la jimbo likapitisha sheria ya Short-Doyle, yenye majina ya wabunge wawili. Wazo lake ni kwamba mtu atibiwe karibu na kwao. Kaunti ikianzisha huduma, jimbo linarudisha nusu ya gharama. Baadaye ikawa asilimia 75, halafu 90.

Mwaka 1967 gavana Ronald Reagan, huyo huyo aliyekuja kuwa rais, akasaini sheria nyingine, Lanterman-Petris-Short. Zamani mtu aliweza kufungiwa hospitalini miaka bila mwisho. Sasa wakiona ni hatari kwake au kwa wengine, wanamshika saa 72 za uchunguzi. Wakitaka kumzidishia, ni siku 14, na ana haki ya kupeleka kesi yake kwa jaji. Kwa upande wa haki za binadamu naiheshimu sana sheria hii. Sisi tunaojua kuzuiliwa mahali bila kuambiwa ni mpaka lini, tunaielewa haraka.

Shida ilikuwa pesa. Hospitali zikaanza kufungwa, Modesto, DeWitt, Mendocino, lakini kliniki za mitaani hazikupewa za kutosha kuwapokea waliotoka. Mwaka 1978 wapiga kura wakabana kodi ya nyumba na ardhi, na kaunti ndizo zilikuwa zinaishi kwa kodi hiyo. Wagonjwa wengi wakaishia barabarani, wengine jela. Mwaka 1991 jimbo likazitengea kaunti sehemu ya kodi ya mauzo na ada za magari. Ilisaidia, ila shimo lilikuwa refu.

Halafu ikaja 2004, na hapa ndipo niliposimama kusoma mara mbili. Mbunge Darrell Steinberg alikuwa ameshapitisha sheria ya majaribio mwaka 1999: dola milioni 10 kwa kaunti tatu, kuwafuata wagonjwa wasio na makazi huko huko walipo na kuwapa matibabu pamoja na nyumba. Matokeo yakaonekana. Basi wakaenda kwa wananchi wenyewe na Pendekezo la 63, likapita kwa kura. Mtu mwenye kipato cha zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka analipa asilimia 1 ya kile kinachozidi hapo. Yaani akipata 1,200,000, anatoa 2,000 kwa ajili ya afya ya akili. Sehemu ya pesa hizo ilitengwa kwa kuzuia ugonjwa mapema, na zaidi ya nusu ya fungu hilo ni ya watu wa miaka 25 kushuka. Vijana, wandugu. Imeandikwa.

Hata hivyo kodi ya matajiri hupanda na kushuka na bahati yao, na mwaka soko likianguka kaunti zinalia. Machi 2024 wakapiga kura tena, Pendekezo la 1: mkopo wa dola bilioni 6.38 wa kujenga nyumba na vituo vya matibabu, na kodi ile ile sasa itibu pia uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Asilimia 30 ya pesa za kaunti iende kwenye makazi. Lilipita kwa tundu la sindano, asilimia 50 na kitu. Waliolipinga waliogopa kwamba vikundi vidogo vya mtaani vitanyang'anywa fungu, na mimi siwezi kuwacheka.

Wao wamepiga kura, sisi kambini hatupigi. Lakini Alhamisi tuna kikao na wafanyakazi wa mashirika, na nimeshaandika maswali yangu: kile kichumba kilikuwa kinalipiwa na nani, mpaka tarehe gani, na kwa nini tuliisoma habari kwenye kufuli?