Bomba Moja, Magurudumu Manne

Wapenzi wa magari ya zamani wana neno wanalolipenda mno: uhalisi. Gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, mpaka skrubu ya mwisho. Nimekuwa nikisoma historia ya MGB, gari dogo la michezo lililoanza kuundwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, na naona kwenye breki neno hilo linatupoteza.

MGB za mwanzo zilikuwa na breki za diski mbele na dramu nyuma, zote zikitegemea masta silinda moja. Unakanyaga pedali, mafuta yanasukumwa kwenye mabomba membamba ya chuma, magurudumu manne yanashikwa. Sasa bomba likitoboka popote, presha yote imekwenda. Unabaki na breki ya mkono tu, inayovuta waya hadi magurudumu ya nyuma.

Marekani haikukubali hali hiyo. Kuanzia Januari 1968, magari mapya ya abiria yalitakiwa kuwa na mfumo uliogawanywa: upande mmoja ukifa, mwingine usimamishe gari. MGB za kwenda Marekani zikabadilishwa. Zile za kuuzwa nyumbani Uingereza ziliendelea na mfumo ule ule kwa miaka kadhaa. Kiwanda kimoja, gari moja, ila roho ya dereva ililindwa kulingana na sheria ya alikoishi.

Halafu kuna kutu. Chumvi inayomwagwa barabarani Uingereza wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu inakula chuma kwa nje. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu, hivyo kutu huweza kuanzia ndani, jicho lisikofika. Na bomba la kwenda nyuma linapita chini ya gari. Bila kulala chini na tochi, huoni kitu.

Ndiyo maana wengi siku hizi wanaweka mabomba ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hayashikwi na kutu kama chuma, na yanapindika kirahisi. Fundi anakata kipande, anapitisha nati kwanza, ndipo anatanua mdomo wa bomba. Akisahau nati, anaanza upya. Kisha mafuta mapya, na kutoa upepo gurudumu moja baada ya jingine mpaka pedali iwe ngumu mguuni.

“Lakini siyo ya asili!” watasema. Sawa, siyo. Gari la makumbusho libaki na chuma chake, maana haliendi popote. Linaloingia barabarani linakutana na watu ambao hawakuchagua kushiriki mapenzi yetu ya vitu vya kale. Mwenye gari anayebadilisha mabomba, na akiweza akagawanya mfumo, anampa mpita njia wa leo ulinzi ambao Muingereza wa 1968 alistahili na hakupewa.