Sokwe wa Sinema na Bonde la Oldupai

Mwezi Julai 2014 ilitoka filamu ya Dawn of the Planet of the Apes, mwendelezo wa ile ya mwaka 2011. Ni hadithi ya kubuni ya zama zijazo: maradhi yamewafyeka binadamu, na sokwe waliojaaliwa akili wameweka makao msituni chini ya kiongozi wao, Caesar. Andy Serkis na wenziwe waliigiza wamevaa nguo zenye alama, kamera ndogo imening'inizwa mbele ya uso, mvuani na matopeni. Kisha mafundi wa Weta Digital wa New Zealand wakauvika mwendo wao ngozi na manyoya kwa kompyuta. Mtazamaji husahau upesi kwamba aonacho si mnyama.

Mafundi hao wanastahili sifa zao. Hata hivyo, kompyuta haijui sokwe huketi vipi, humtisha vipi mpinzani, wala humnyooshea vipi mkono aliyemshinda. Elimu hiyo ilitafutwa na watu porini, na chimbuko lake moja kubwa liko Oldupai, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro kwa msafiri atokaye Karatu.

Mwaka 1957 Jane Goodall, msichana wa Kiingereza asiye na shahada yoyote, alichimba mifupa bondeni humo pamoja na Louis na Mary Leakey. Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliliona hapo fuvu ambalo mumewe aliliita Zinjanthropus. Watu wa visiwani hawahitaji kufasiriwa jina hilo: Zinj ni lile neno la Waarabu wa kale kwa pwani hii, ambalo Zanzibar nayo imelibeba. Leakey aliamini kwamba mifupa pekee haiwezi kueleza maisha ya wahenga wa binadamu. Ilipasa kuwatazama jamaa zao walio hai. Ndipo akampeleka Goodall Gombe, ufukweni mwa Tanganyika, alikofika Julai 1960. Mwaka 1963 alifika Oldupai Mmarekani Dian Fossey, akaanguka machimboni na kuteguka kifundo cha mguu, kisha akaendelea na safari yake hadi kwa gorila wa milima ya Virunga. Mwaka 1967 alianzisha kituo cha Karisoke, Rwanda. Serkis mwenyewe, kabla ya kuigiza King Kong ya mwaka 2005, alikwenda Rwanda kuwatazama gorila wa milimani.

Lakini lililo zito zaidi katika filamu ya 2014 si mwendo, ni vita. Koba, sokwe aliyeteswa katika maabara za binadamu, anamsaliti Caesar, anampiga risasi na kuuvunja mwiko wa sokwe kutomwua sokwe. Caesar analazimika kukiri kwamba jamii yake haiwazidi binadamu kwa wema kama alivyodhani.

Mambo ya namna hiyo yalikwisha kuandikwa Tanzania miaka 40 kabla. Kundi la sokwe wa Kasakela, Gombe, liligawanyika, na waliojitenga wakahamia kusini, sehemu ya Kahama. Tarehe 7 Januari 1974 Hilali Matama, mfanyakazi Mtanzania wa utafiti huo, aliwaona madume wa Kasakela wakimvamia Godi, dume wa Kahama aliyekuwa akila peke yake. Mmoja alimkandamiza chini, wengine wakampiga na kumuuma kwa dakika kumi hivi. Godi hakuonekana tena. Hadi mwaka 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wametoweka, wakiwamo waliowahi kutunzana manyoya na wauaji wao.

Katikati ya vita hiyo, Mei 1975, waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku na kuwateka watafiti wanne wa kigeni. Waliachiwa baadaye, lakini wanafunzi wa nje wakaondoka Gombe. Waliobaki kuwafuata sokwe kutwa nzima ni Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na wenzao, nao waliandika kwa Kiswahili. Basi vita ya kwanza ya sokwe kupata kuandikwa kwa kina, sehemu yake kubwa ina maandishi ya asili katika lugha hii, ingawa ulimwengu umeisoma kwa Kiingereza.

Wapo wataalamu waliobisha, wakisema chanzo cha ukatili huo ni ndizi walizopewa sokwe kambini ili wakaribie. Ni swali lile lile la Koba: je, sokwe alifunzwa uovu na binadamu? Septemba 2014, miezi miwili tu baada ya filamu, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa makundi 18 ya sokwe. Katika mauaji 152 yaliyohesabiwa, yakiwamo ya kushuhudiwa na ya kudhaniwa, watafiti hawakuona kwamba kuingilia kwa binadamu ndiko kulikoeleza tofauti za makundi. Yaliyoyaeleza vizuri zaidi ni wingi wa madume na msongamano wa sokwe wenyewe. Hesabu hiyo isingewezekana bila kumbukumbu za miaka mingi, za Gombe zikiwamo.

Goodall alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Huko Gombe watafiti Watanzania wanaendelea kuwafuata sokwe na kuandika wayaonayo.