Namba Nne Mlangoni

Usinicheke. Nilikua nikiamini kwamba gari la baba lilishindana Safari Rally. Lilikuwa Peugeot 404, ile ya gia za kwenye usukani, limelala chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu Morogoro, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

Na kwa nini nisiamini? Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa ya Pasaka, msimu wa mvua, barabara zote tope tupu. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968 saba tena! Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha 404. Kati ya hapo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland, dereva wa huku kwetu Tanzania, naye kwa 404. Ushindi mara nne ndani ya miaka sita, kwa gari lile lile lililobeba maharusi na magunia ya viazi. Baba alizitaja tarehe hizo kama mtu anayetaja wajomba zake.

Alipostaafu tukaamua kulifufua. Injini ya 404 imelazwa ubavu, nyuzi 45, ili boneti ikae chini, kwa hiyo mkono wangu mwembamba ukapata kazi. "Mama, hiyo spana, si mwiko wa ugali," baba alikuwa akinung'unika. Miezi minane ikaishia kwenye kabureta, breki na kutafuta vipuri kwa watu waliokwisha kuviuza.

Kisha ikaja zamu ya msasa. Chini ya rangi ya maziwa, kwenye mlango wa mbele, ikajitokeza namba 4. Nikapiga kelele, "Baba! Namba ya mashindano!" Yeye akaweka kikombe chini, akasema basi, inatosha, tupige puti. Mimi huyo, nikaendelea kusugua. Ikaja A. Ikaja I. Dakika kumi baadaye neno zima lilikuwa linanitazama: ABIRIA 4.

Teksi.

Baba alikaa juu ya tairi muda mrefu. Kumbe kabla hajaajiriwa ofisini aliendesha teksi, miaka ya vita vya Uganda na ile iliyofuata, petroli ya foleni na vipuri havionekani. Usiku mmoja feni belti ilimkatikia Mikumi, ndani ya mbuga, akiwa na mama mjamzito anayewahi hospitali. Akaomba soksi ndefu ya nailoni kwa abiria mwingine, akaifunga palepale gizani, wakafika. Hadithi hii sikuwahi kuisikia. Za Shankland nimezisikia mara mia.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nilikuwa nasubiri watu stendi?"

Tukabishana siku tatu kuhusu rangi. Mwishowe gari limepakwa lote isipokuwa kipande hicho cha mlango, nilichokipaka vanishi tu ili kisiote kutu. Baba hajaridhika. Jumapili tukienda kanisani huliegesha mlango huo ukitazama ukuta.